Gari la kale: Kagua chuma, kisha ukague na nyumba

Ukizunguka miji iliyo chini ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya na Embu, hutakosa kuona gari kuukuu lililofunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mtu. Mara nyingi huwa ni Peugeot 504. Wakati mwingine ni Land Rover iliyoachwa na mzungu aliyekuwa na shamba, au Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe. Kuku hutaga ndani yake, watoto hulichezea, na mwenyewe husema kila mwaka kwamba mwaka huu ataliuza.

Wanunuzi nao wapo. Yuko kijana aliyepelekwa shule ya bweni akiwa amebanwa kiti cha nyuma cha Peugeot, na sasa ana mshahara wake. Yuko mwalimu aliyestaafu na kupokea kiinua mgongo. Yuko mkulima wa chai ambaye bonasi ikiingia mwezi wa Oktoba hukumbuka gari alilolitamani tangu ujana.

Tamaa hiyo si ya ajabu. Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Isitoshe, magari haya yaliundwa hapa hapa nchini, katika kiwanda cha Mombasa, na yale marefu yenye viti vitatu ndiyo yaliyotubeba kati ya Nyeri na Nairobi kabla ya Nissan kuingia.

Aidha, sheria ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo gari la kale utakalonunua leo limezeekea hapa. Limepita katika matope yetu, limetengenezwa na mafundi wetu na limelala katika boma la jirani yetu. Ndiyo maana nasema kwamba lina mambo mawili ya kukaguliwa: chuma chake na nyumba linakotoka. Wengi hukagua chuma kidogo tu, na nyumba hawaikagui kabisa.

KUULIZA SI TUSI

Shida ya kwanza ni haya. Muuzaji ni rafiki ya baba yako, au ni mzee wa kanisa, au ni mtu mliyesoma na ndugu yake. Ukitaja fundi, unaogopa ataona humwamini. Basi unazunguka gari mara mbili, unapiga gurudumu teke, unakunywa chai na kutoa pesa. Miezi miwili baadaye gari limekufa, na urafiki nao umekufa.

Mwambie mapema, kwa heshima: "Mzee, gari nimelipenda. Naomba nije Jumamosi asubuhi na fundi, na ukipenda fundi wako pia awepo." Muuzaji mwema hatakasirika. Akikasirika, huo nao ni ukaguzi.

Fundi huyo awe wako na umlipe wewe mwenyewe, gari lipatikane lisipatikane. Asiwe mpwa wa muuzaji, wala yule aliyekuwa akilitengeneza miaka yote, maana huyo hawezi kuisema vibaya kazi ya mikono yake. Mtafute mzee wa jua kali aliyezifungua 504 zikiwa bado nyingi barabarani. Kijana anayetegemea kompyuta ya kupimia magari ya kisasa hatapata pa kuichomeka.

CHUMA

Chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Ipitishe kwenye milango, matao ya magurudumu na chuma kilicho chini ya milango. Mahali sumaku inapokataa kushika, ujue chini ya rangi kuna fila, si chuma. Lakini jihadhari: bodi ya Land Rover ya kale ni ya alumini, na sumaku haitashika hata kama gari ni zima kabisa. Kwa Land Rover, lala chini utazame chesisi, kwa sababu hiyo ni ya chuma na ndiyo inayooza.

Gari la Mombasa huliwa na chumvi ya bahari. Gari la Nyeri huliwa na mvua na matope mekundu yanayojazana ndani ya matao na kukaa na unyevu mwaka mzima. Inua zulia utazame sakafu. Fungua buti, toa gurudumu la akiba, tazama chini yake. Ikiwa ni Volkswagen ya kobe, inua kiti cha nyuma, kwani betri hukaa hapo na asidi yake hutoboa sakafu.

Kisha mwambie fundi apige jeki upande mmoja, halafu ufungue na kufunga milango. Peugeot 504 saluni haina chesisi ya peke yake, bodi ndiyo mifupa yake. Mlango uliofunga vizuri chini ukikataa kufunga gari likiwa juu ya jeki, mifupa imeoza. Kazi ya kuirudisha yaweza kukugharimu kuliko bei ya gari lenyewe.

Kuhusu injini, fika asubuhi na mapema, hasa wakati wa baridi ya Julai. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ina joto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika, na huenda anaficha jambo. Likiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta utazame maji, kisha chomoa kijiti cha oili. Kichwa cha injini ya 504 ni cha alumini ilhali bloku ni ya chuma cha kusubu. Injini ikipata joto kupita kiasi, kichwa hupinda na gasketi huungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa yaonyesha kwamba maji yameingia mahali pasipotakiwa.

Muulize pia mwenye gari kuhusu vali. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwishoni mwa mwaka 2005. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali katika baadhi ya injini za kale zenye kichwa cha chuma. Kama gari la namna hiyo halijawahi kuwekewa viti vigumu, weka gharama hiyo katika hesabu yako.

Halafu liendeshe. Sisi wa milimani tumebarikiwa, kwa sababu hatuhitaji uwanja wa majaribio. Literemshe bonde la Gura ukielekea Othaya, kisha ulipandishe ng'ambo ya pili. Ukishuka, breki zitasema ukweli. Ukipanda, rejeta na klachi zitasema wao. Kumbuka kwamba huku juu maji huchemka mapema kuliko pwani, hivyo gari ambalo lingevumilia Mombasa laweza kutoa mvuke hapa.

NYUMBA

Sasa tuje kwa jambo lililonifanya niandike leo. Magari mengi ya kale katika sehemu zetu ni magari ya marehemu. Baba alilinunua, baba akalipenda, baba akafa, na gari likabaki chini ya turubai. Kitabu cha usajili kingali na jina lake.

Hebu tuchukue mfano. Kijana mmoja wa nyumba hiyo ana shida ya pesa. Anakuuzia gari kwa bei nzuri, anakupa ufunguo na kile kitabu cha zamani, nawe unaliburuta hadi Nyeri mjini. Unalitengeneza kwa mwaka mzima: rangi mpya, viti vipya, injini imefunguliwa. Siku moja dada yake analiona likipita. Anapiga simu nyumbani. Kumbe mama hakuulizwa. Kumbe ndugu wengine wanne hawakujua. Nao wanakuja na chifu na barua ya wakili.

Ni nani mwenye haki hapo? Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuchukua au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Aliyekuuzia hakuwa na cha kuuza. Na Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inasema kwamba mwenye gari ni yule ambaye jina lake limesajiliwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Jina lako haliko. Pesa zako za rangi na injini utazidai kwa nani?

Kwa hivyo, kabla hata ya kumwita fundi, uliza maswali haya. Jina lililo kwenye kitabu ni la nani? Yuko hai? Ikiwa amefariki, je, familia imekwenda mahakamani, pale Nyeri, Karatina, Othaya au Nanyuki, ikapata hati ya usimamizi wa mali? Na je, hati hiyo imethibitishwa? Kwa kawaida uthibitisho huja baada ya miezi 6. Wasimamizi waliotajwa katika hati ndio wa kukuuzia, wala si mwenye kushika ufunguo.

Jambo la pili, pata rekodi ya gari kutoka kwa Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, kupitia eCitizen. Linganisha jina, nambari ya chesisi na nambari ya injini na zile zilizopigwa kwenye chuma. Peugeot nyingi zimewekwa injini nyingine, hata za Toyota, baada ya zile za kwanza kuchoka. Kubadilisha injini si dhambi, lakini badiliko hilo lazima liwe limesajiliwa. Baadhi ya magari yaliyolala miaka mingi yana kile kitabu cha karatasi tu, na rekodi yake haipatikani kwa urahisi. Mwache muuzaji alinyooshe jambo hilo kwanza, asikuachie wewe.

Tatu, na hili halimo katika sheria yoyote, omba kumwona mama. Keti naye. Mwambie unataka kununua gari la mzee na umsikilize. Pengine atafurahi kwamba limepata mtu wa kulitunza. Pengine atanyamaza na kutazama kando. Akinyamaza, rudi nyumbani na pesa zako. Kuna vitu ambavyo mjane hubaki navyo kama ukumbusho, na watoto hawaoni ila chuma kuukuu.

Mambo yote yakiwa sawa, andikeni mapatano mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Toa malipo kupitia benki, na ubakishe sehemu ya pesa mpaka gari liandikwe kwa jina lako. Kisha kata bima kabla ya kuliingiza barabarani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la kale limengoja chini ya turubai miaka 20, na wiki tatu zaidi haziliharibu. Anayekuhimiza ulipe leo kabla ya jua kutua, mwulize anakimbia nini. Huenda anamkimbia fundi. Huenda anamkimbia mama yake.

Tukutane Jumapili ijayo.