Kazi ya Serikali Haiuzwi

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, vijana wengi huja huku kutafuta kazi, na walaghai wamewafuata. Humpigia kijana simu wakisema: Jina lako limepita, leta ada ya fomu leo, ama nafasi atapewa mwingine. Sekretarieti ya Ajira, iliyo papa hapa Dodoma, haitozi hata senti; maombi hupokewa bure, na majina ya walioitwa hutangazwa wazi. Mbona basi kijana husadiki? Twaona haya kusema: wako makarani wenzetu waliopokea chai, nao ndio waliomfundisha kwamba kazi hununuliwa. Twawaomba wanachama, akija mtu kuuliza, asifukuzwe. Aelezwe ukweli, kisha aongozwe mpaka polisi, kabla babaye kijijini hajauza ng'ombe.