Virusi Havionekani, Lakini Havijaondoka



Ndugu msomaji, nilipokuwa katika mwaka wa uchungaji kisiwani Pemba, kaka mmoja kutoka bara, anayefanya biashara ya dagaa huko Micheweni, alinionyesha majibu ya kipimo chake. Alikuwa ametumia dawa za VVU kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kliniki ilimwambia kwamba sasa virusi havionekani. Wenzake wa kikundi cha sala huko kwao walikuwa wamemwambia atoe ushuhuda. Akaniuliza, "Fratera, kama havionekani, si ndiyo nimepona?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tu, "Tumshukuru Mungu," nikaenda zangu. Yeye akalichukua neno langu kuwa ndiyo, akaacha dawa. Baada ya miezi kadhaa alikonda na kukohoa, na virusi vilikuwa vimejaa tena. Leo amerudi kwenye dozi na anaendelea vizuri. Lakini mimi najua kwamba ningemjibu siku ile, asingepita njia hiyo. Ndiyo maana naandika: mchungaji asiyejua jinsi virusi hivi vinavyolala anaweza kumwangamiza mtu kwa neno la baraka.

VVU vikiingia katika seli ya kinga, huandika jeni zao ndani ya DNA ya seli hiyo, katika kiini chake. Seli nyingi za namna hiyo hufa. Chache hubaki zimetulia, kwa sababu kazi yake ni kukumbuka ugonjwa uliopita na kusubiri ukirudi. Seli ikitulia, jeni za kirusi nazo hunyamaza. Dawa tulizonazo huzuia kirusi kinapojizalisha, hazikigusi kilicholala. Kipimo nacho huhesabu virusi vilivyo kwenye damu, si vilivyojificha ndani ya seli.

Kinachoviamsha ni nini? Ni ishara za mwili wenyewe. Seli ya kumbukumbu ikikutana tena na ugonjwa inaoukumbuka, kipokezi kilicho juu ya ngozi yake hupeleka taarifa ndani, protini moja ikiiamsha nyingine. Mwishoni huachiwa protini iitwayo NF-kappa B, ambayo hapo kabla ilikuwa imefungwa nje ya kiini. Huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ulinzi. Lakini mwanzoni mwa jeni za VVU pia pana mahali pa protini hiyo kushika. Hivyo ishara iliyotolewa ili kuulinda mwili humwamsha adui.

Mwanzoni jeni za kirusi husomwa kwa kusitasita, na usomaji hukatika njiani. Ndipo hutengenezwa protini ndogo ya kirusi, Tat. Hiyo huita vifaa vya seli yenyewe ili usomaji uende hadi mwisho, na kadiri usomaji unavyoendelea, Tat nyingine nyingi huzaliwa. Ni kama kaa lililofunikwa na majivu: likipata upepo, huwasha na makaa ya jirani. Dawa zikiwepo, virusi vipya havipati pa kuenea. Zisipokuwepo, huenea tena.

Watafiti wamekadiria kwamba akiba hii ya seli hupungua kwa nusu katika muda wa karibu miezi 44. Kwa mwendo huo, hata miaka 60 ya dawa isingetosha kuimaliza. Huko Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 alianzishiwa dawa akiwa na saa kama 30 tu. Baadaye dawa zilisimamishwa, akakaa zaidi ya miaka miwili bila virusi kuonekana, na dunia ikashangilia. Mwaka 2014 vikaonekana tena.

Wapo watakaouliza: je, Mungu hawezi kuponya? Anaweza. Lakini Yesu alipowahurumia wakoma kumi, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, waliokuwa na kazi ya kuthibitisha. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamweka tabibu na dawa ndani ya mpango wa Mungu, pamoja na sala. Kumeza kidonge kila siku si upungufu wa imani. Sisi Watanzania tuliona mwaka 2011 umati ukielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo walioacha ARV. Tusirudie kosa hilo ndani ya makanisa yetu.

Zanzibar maambukizi ni chini ya asilimia moja, na hapo ndipo siri inapokuwa nzito zaidi. Mtu wa Micheweni anaogopa kuonekana kliniki. Mvuvi anayekwenda dago wiki kadhaa anaogopa wenzake wataona vidonge. Kwa hiyo napendekeza haya. Paroko asiruhusu ushuhuda wa kupona VVU unaomfanya mtu aache dozi. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo watunze siri. Tuzungumze na masheikh, maana majirani zetu wengi ni Waislamu na hatari ni ileile. Na sisi mafrateri tujifunze jibu hili kabla ya kutumwa.

Jibu lenyewe ni fupi, na lina habari njema ndani yake: "Virusi havionekani kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiendelea hivyo, utaishi, na hutamwambukiza mwenzi wako katika tendo la ndoa. Vingine vimelala tu. Tumshukuru Mungu, na jioni umeze dawa yako."

Ndivyo ningepaswa kumwambia kaka yule.