Padi za VR Zisubiri, Nauli ya TP Kwanza

Wadau, bumu limeingia juzi na tayari nina mtihani. Jamaa wa bweni la jirani anauza PlayStation Move, zile padi mbili zenye kitufe kama mpira wa taa juu. Ukitikisa mkono, gemu linafuata. Rumeti wangu ana PS4 na miwani ya VR, lakini Beat Saber haichezeki kwa padi ya kawaida, inadai Move. Nilishatoa hela, nikazirudisha mfukoni.

Si ubahili. Move zilitoka 2010, miwani ile 2016. PS VR2 ilipokuja 2023 ilikuja na padi zake, Move haziingiliani nayo. Na rumeti akihama na miwani yake, mimi nabaki na taa mbili za kuangazia chumba.

Halafu TP inakaribia. Mwaka jana niliishiwa nauli, nikawa natembea saa nzima, nafundisha Kidato cha Pili nikiwa nimechoka hoi. Wale watoto hawakustahili vile.

Mtasema najinyima ujana. Gemu nitacheza, kwa padi ya kawaida. Ila wewe, kabla hujalipa, jiulize: kifaa hiki kinajitegemea, au kinategemea vitu vya mwenzako?