Rubani Naye Apewe Ngazi

Mwalimu wa Ngenge, wilayani Muleba, anaijua ngazi yake: daraja na mshahara vimeandikwa, na akicheleweshwa anapo mahali pa kudai. Rubani wa ndege ya tajiri hana ngazi hiyo. Amekwisha kugharimia saa zipatazo 200 za kuruka ili apate leseni ya biashara. Leseni ya juu kabisa yataka saa 1,500, na mgawaji wa saa hizo ni mwenye ndege. Si ajabu wengi, zikitimia, hukimbilia mashirika makubwa.

Hatari yenyewe iko hapa. Kanuni za anga humpa rubani kiongozi neno la mwisho: mawingu yakiufunika uwanja wa Bukoba, pale ukingoni mwa Ziwa Victoria, ana haki ya kukataa kutua. Haki hiyo ina uzito gani iwapo nyongeza, cheo na hata kazi vyategemea hisani ya mtu mmoja aliyeketi nyuma yake, tena asiyezoea kungoja?

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ingefaa iutazame mkataba wa rubani kama inavyoitazama injini. Uwe na viwango vya mshahara, masharti ya kupanda cheo, na kifungu kinachokataza kumwadhibu rubani aliyekataa kuruka.