Uaminifu wa Wezi



Wapo wapenzi wa filamu za kale za Kifaransa za ujambazi wanaotuambia kwamba hakuna shule ya uaminifu iliyo bora kuliko hizo. Hututajia Touchez pas au grisbi ya Jacques Becker (1954), Du rififi chez les hommes ya Jules Dassin (1955) na Le Doulos ya Jean-Pierre Melville (1962), kisha huuliza: ni wapi tena mtu hufa kwa ajili ya rafiki yake? Filamu hizo twazipenda, wala hatuoni haya kusema hivyo. Fundisho hilo twalikataa.

Tuanze na Rififi. Kwa muda wa kama nusu saa, pasipo neno wala muziki, wanaume wanne wanatoboa dari ya duka la vito mjini Paris. Mwavuli unapitishwa tunduni ukiwa umekunjwa, unafunguliwa kwa ndani, nao unapokea vifusi visianguke kwa kishindo. Mtazamaji huzuia pumzi akiomba wasikamatwe. Huko juu watu wa nyumba wamefungwa kamba, nasi tumekwisha kuwasahau. Hapo ndipo mtego ulipo: tumekuwa mwenzao wa tano.

Kisha César, fundi wa kufungua sefu, anampa mwimbaji wa klabu pete ya wizi. Pete hiyo inawaleta maadui, naye kwa hofu anamtaja Mario. Mario na Ida wanauawa. Tony, kiongozi wao, anamkuta César amefungwa nguzoni. Wote wawili waijua kanuni, na César anapigwa risasi. Nasi tuliowasahau watu wa juu twaondoka tukidhani haki imetendeka! Haki gani, na hakimu ni nani? Katika milki hiyo dhambi ni moja tu, kufungua kinywa. Wizi na mauaji huitwa kazi.

Tena tazameni ni nani alipaye. Tony, alipotoka gerezani, alimvua nguo Mado na kumchapa kwa mkanda kwa kuwa alikwenda kwa mwingine. Max wa Grisbi anampiga Josy makofi. Katika Le Doulos, Thérèse anapigwa, anafungwa, hatimaye anauawa. Na Maurice anaifungua filamu kwa kumwua rafiki aliyempa hifadhi. (Sisi tuliojifunza Kigiriki kidogo seminarini twalijua neno doulos kuwa ni mtumwa. Kwa wahuni wa Paris ni kofia, na pia mchongezi.)

Watatujibu: je, Max hakuitoa dhahabu yake yote ili kumkomboa Riton? Aliitoa, nasi twamsifu. Lakini Riton ndiye aliyemwambia Josy siri ile! Kwa kanuni ya Tony, Riton alistahili nguzo ya César. Max anatukuka pale anapoivunja kanuni, si pale anapoishika.

Dassin aliicheza nafasi ya César yeye mwenyewe. Mwaka 1951, nchini Marekani, waongozaji wenzake walimtaja mbele ya kamati ya Bunge kuwa alikuwa Mkomunisti, naye akakosa kazi Hollywood. Uchungu wake twauelewa. Hata hivyo, waliotajwa kule hawakuwa wameiba kitu. Kunyamaza ili jirani asiteswe kwa ajili ya mawazo yake ni jambo moja. Kunyamaza ili sanduku la fedha lisipatikane ni jingine kabisa. Filamu imeyavika yote mawili koti moja.

Na katika filamu hiyo hiyo yupo asemaye kweli. Ni Louise, mke wa Jo, ambaye mwanawe ametekwa kwa sababu ya mali ile. Anamwambia mumewe kwamba watoto wengi mno walikulia katika umaskini kama yeye na hawakuwa majambazi. Kwa maoni yake, hao ndio wanaume hodari. Muda mfupi baadaye Jo anauawa. Tony, akivuja damu, anamrudisha mtoto nyumbani kwa gari, na mtoto anachezea bastola ya bandia njia nzima. Wanaoisifu filamu hii hutusimulia kila mara juu ya Tony kwenye usukani. Louise hatujawahi kusikia wakimtaja.