Walimu, Tusihukumu Muziki Tusiousikiliza

Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hiyo ilinijia akilini mwaka 2023, nilipoalikwa kuzungumzia fasihi simulizi katika shule moja ya sekondari karibu na Oltepesi, kando ya barabara iendayo Magadi. Kabla sijaingia ukumbini, mwalimu wa zamu alinionyesha daftari alilomnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Juu ya jalada palichorwa mafuvu pamoja na jina la bendi ya Brazil, Sepultura, neno ambalo kwa Kireno maana yake ni kaburi. "Daktari," akaniambia, "hawa watoto wameingiwa na shetani." Mwenye daftari alikuwa nje ya ofisi akingoja kujua kama angerudishwa nyumbani.

Hofu ya namna hiyo si ngeni nchini. Mwaka 1994 Serikali iliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na ripoti yake ikawekwa hadharani mwaka 1999. Miaka hiyo nami nilikuwa mwanafunzi, na nakumbuka jinsi kanda moja ya muziki wa roki ilivyotosha kumtia mtu mashakani. Sikuona yeyote akiketi kuisikiliza kanda yenyewe kabla ya kutoa hukumu.

Siku hiyo niliomba tusikilize. Mwalimu alicheka, lakini akakubali. Ulikuwa muziki wa metali wa tawi liitwalo thrashi: ngoma za kasi, magitaa mazito, na mwimbaji anayenguruma. Kwa sikio la mwanaisimu, mngurumo huo si fumbo. Mwimbaji huzitetemesha nyuzi bandia za sauti, zilizo juu kidogo ya zile tunazozitumia katika usemi wa kawaida. Ni ufundi wa koo unaohitaji mazoezi, na asiyeujua hujiumiza. Tena watu wa Kajiado hawana haki ya kuustaajabia. Katika nyimbo za morani, olaranyani huongoza kwa sauti ya juu, huku wenzake wakiitikia kwa pumzi nzito zitokazo ndani kabisa ya koo. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Nasema tu kwamba sauti ya koo pekee haiwezi kuwa ushahidi wa shetani, ama sivyo tutalazimika kuwashtaki na babu zetu.

Historia ya bendi yenyewe ina funzo kwa walimu wa lugha. Sepultura ilianzishwa mwaka 1984 mjini Belo Horizonte na vijana wadogo, wakiwemo ndugu wawili, Max na Igor Cavalera, wakati utawala wa kijeshi wa Brazil ukielekea ukingoni. Waliimba kwa Kiingereza, lugha ya wakubwa wa muziki huo, na kwa muda mrefu waliwafuata Wamarekani nyayo kwa nyayo. Hatimaye walikwenda kwa watu wa jamii ya Xavante katika jimbo la Mato Grosso, wakakubaliwa na wenyeji, wakakaa nao kijijini na kurekodi pamoja nao. Matunda yake yalisikika mwaka 1996 katika albamu iitwayo Roots, yaani mizizi. Ulimwengu ambao ulikuwa umeizoea kama mwanafunzi hodari wa Marekani sasa uliiona kama mwalimu.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Max aliiacha bendi, na wengi wakadhani kwamba kaburi limefungwa. Halikufungwa. Alikuja Derrick Green, Mmarekani mweusi, akashika nafasi ya uimbaji. Igor naye akaondoka mwaka 2006, na kazi ikaendelea. Desemba 2023 walitangaza ziara ya kuagana na mashabiki kwa kutimiza miaka 40, na Machi 2024 wakaianzia nyumbani, Belo Horizonte. Bendi haidumu miaka 40 kwa kelele tupu. Hudumishwa na maonyesho ya jukwaani usiku baada ya usiku, mbele ya umati unaoyajua maneno na kuyaitikia. Mtu wa fasihi simulizi anapaswa kuutambua mara moja uhusiano huo wa fanani na hadhira.

Wala tusidhani haya ni ya ng'ambo pekee. Hapa Kenya, Martin Khanja na Sam Karugu waliunda kundi la Duma, jina linalotokana na neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Albamu yao ya kwanza ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasifiwa Ulaya kabla haijasikika vijijini mwetu. Baadaye Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024, akaitunuku kwa nyanya ya mzazi wake, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Kijana anayemkumbuka shujaa wa msituni kwa muziki huu ameikataa historia yake kwa vipi?

Nakiri kwamba wanaopinga wana hoja. Baadhi ya maneno ya nyimbo hizi ni ya kutisha na hayafai watoto. Maonyesho mengine huandamana na ulevi, na mwanafunzi akeshaye na visikizi masikioni atasinzia darasani. Mambo hayo yana kanuni zake, na shule izisimamie bila kuyumba. Lakini kumwadhibu mtoto kwa kosa alilolitenda ni jambo moja, na kumwadhibu kwa ladha yake ni jambo jingine kabisa.

Nirudi kwenye daftari. Nililifungua mbele ya mwalimu aliyelichukua. Baada ya mafuvu yale kulikuwa na kurasa sita za beti, mstari mmoja kwa Kimaasai na wa pili kwa Kiswahili, zikisimulia ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ikapita bila mvua ya kutosha. Mtoto alikuwa ameorodhesha ng'ombe wa babake kwa majina na rangi zao, na mahali kila mmoja alipoangukia kando ya barabara. Mafuvu ya jalada hayakuwa ya watu. Yalikuwa na pembe, na pembe hizo ndizo tulizokuwa tumezisoma kuwa za shetani.

Tulipomwita ndani nilimwuliza kwa nini alichagua muziki wa namna ile. Alijibu kwa adabu, macho chini: "Mwalimu, ng'ombe akifa kwa kiu hafi kwa wimbo mtamu."

Mwalimu mwenzangu alinyamaza kitambo, kisha akamrudishia daftari lake, na suala la kumrudisha nyumbani likaishia hapo. Ninachowaomba walimu wa Kiswahili ni kidogo. Mnapokuta daftari kama hilo, lisomeni kabla ya kulipeleka ofisini. Mtakeni mwanafunzi aandike kwa lugha ya mamake na kwa Kiswahili, kisha alitetee neno lake mbele ya wenzake. Nanyi wanafunzi, msiishie kuiga Kiingereza cha wageni, maana hata Sepultura walipata sauti yao walipokwenda kusikiliza kwa wenyeji.

Oltepesi ni jina la Kimaasai la mgunga, mti unaostahimili kiangazi kwa sababu mizizi yake huenda mbali. Mwaka ule, katika nchi iliyobeba jina la mti huo, ng'ombe walikosa maji, na chura mmoja akapaza sauti kutuambia. Ilibakia kidogo tumfukuze.