Majeraha Si Kipimo cha Ustadi

Hoja kwamba mtindo wowote wa sanaa za mapigano usiopiganisha wanafunzi wake kwa nguvu zote ni maonyesho matupu inapendeza kusikia, lakini haisimami. Kila pambano la mazoezi lina kanuni, na kanuni ndizo zinazoamua mwanafunzi atajifunza nini. Tazama karate ya Kyokushin, kipenzi cha watetezi wa ukali: mashindanoni watu hupigana mikono mitupu, ila ngumi ya usoni imekatazwa. Matokeo yake, wapiganaji hukaribiana kifua kwa kifua, wakistahimili vipigo vya mbavu na mapaja huku uso ukiachwa wazi. Karate ya Shotokan, inayobezwa kwa kulizuia pigo kabla halijatua sawasawa, humzoesha mtu kupima umbali na kuiona mapema ngumi inayoelekea usoni. Kila upande umepata kitu na kukosa kingine.

Atakuja mtu aseme kwamba pasipo maumivu hapana ukweli. Mbona basi mabondia wa Muay Thai, wanaopanda ulingoni mara kwa mara, hupigana kwa wepesi mazoezini? Wanajua kwamba aliyeumizwa leo hataweza pambano la kesho. Naye Kano Jigoro, aliyeanzisha shule ya judo ya Kodokan mwaka 1882, aliondoa ngumi na mateke katika randori, yaani pambano la mazoezi la judo, na kwa hatua hiyo wanafunzi wakaweza kuangushana kwa nguvu siku baada ya siku. Nakubali jambo moja: asiyewahi kukabili mpinzani anayekataa kuangushwa hajajipima. Upinzani huo ndio kigezo; majeraha mengi huthibitisha uzembe wa mwalimu tu.